Jina Nisilokuita

Mwanangu,

Nimekasirika, na nimeona nikuandikie nikiwa bado na hasira zangu, kwa sababu nikishapoa nitajikuta nakuandikia habari za blanketi, vidonge vya malaria na karanga nilizokufungia kwenye ndoo. Hayo utayakuta yamefungwa, huna haja ya kuambiwa. Umekwenda Ntalikwa kumuaga bibi yako, nami nimekaa hapa barazani na karatasi juu ya ungo, naandika upesi kabla hujarudi. Asubuhi uliniamkia shikamoo huku unatazama mlango, nami nikaitikia marahaba huku natazama sufuria. Tumefika hapo, mimi na wewe, na kesho unapanda treni.

Unakwenda Dodoma kusomea maandiko. Umeniambia kwa kinywa chako kwamba katika yote yaliyomo humo umechagua manabii wadogo, wale kumi na wawili wa mwisho wa Agano la Kale, na katika hao umemchagua Hosea. Nilipokuuliza kwa nini yeye, ukasema ndiye aliyekupa jina. Nikakwambia aliyekupa jina ni baba yako. Tukaanza hapo, na tulipomaliza ulikuwa umesema neno ambalo tangu juzi linanikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nitalifikia. Kwanza usikie habari ya jina lako kutoka kwangu, maana kutoka kwake umeshaisikia.

Ndiyo, najua ulikwenda Tura kwa baba yako. Uliniaga kwamba unakwenda Nzega kwa rafiki yako, na shangazi yako Milembe, dada wa baba yako, akahakikisha nimejua ulikoshukia. Aliniita kwenye kibanda chake sokoni akanieleza huku anapanga nyanya, kwa upole kabisa, kama mtu anayetoa pole.

Baba yako nilimpenda. Nakwambia hivyo ili usidhani niliolewa na adui. Mihayo alikuwa fundi baiskeli kabla hajawa mwinjilisti, mtu wa masihara, anapiga mluzi tangu anafungua mlango mpaka anafunga. Kanisa lilipompeleka Tura kuwatunza waumini wachache wa kule, mimi nilibaki hapa Itetemia kwa sababu ya shamba. Alikuja kwa treni kila alipopata nafasi. Kisha ikaja masika moja ya mvua nyingi, reli ikakatika, akakaa kule muda mrefu. Njia ilipofunguliwa akanikuta na mimba yako.

Alikuwa amelala nyumbani kabla mvua hazijaanza. Alijua hivyo. Nami nilijua, na mimba ilijua. Lakini shangazi yako alikaa naye uani, akamhesabia miezi kwenye vidole, na katika kuhesabu kwake mwezi mmoja ukapotea. Nilikuwa jikoni, niliwasikia. Nikasubiri baba yako aje aniulize. Hakuja. Alikuja kula, akasifu mlenda, akalala.

Wakati huohuo kanisa lilikuwa limewaweka wainjilisti kwenye mafunzo, na somo lao lilikuwa hao hao manabii wadogo. Alisoma akiwa safarini, akarudi na Hosea mdomoni. Zamani alikuwa akihubiri habari za mwana mpotevu na kondoo aliyetafutwa. Sasa kila mimbari aliyopanda, ni yule nabii aliyeambiwa aoe mwanamke mzinifu, na watoto waliozaliwa wakapewa majina ya hukumu. Mimi hakunishitaki hata siku moja. Laiti angenishitaki ningemjibu. Alinihubiri. Nikakaa benchi la mbele na tumbo langu, watu wanaitikia amina. Mume aliyesalitiwa hapa mtaani anachekwa, lakini Hosea anaheshimiwa. Nadhani alipokiona kile kitabu aliona mahali pa kuweka aibu yake ili igeuke kuwa wito.

Siku ya ubatizo wako tulikuwa tumekubaliana uitwe Tumaini. Mchungaji akauliza jina la mtoto, baba yako akasema, "Siwangu." Mchungaji alikijua kile kitabu, alijua kwamba mtoto wa mwisho wa Hosea aliitwa Si Watu Wangu. Alimtazama, kisha akanitazama mimi, akangoja kidogo. Ile nafasi ilikuwa yangu. Ningeweza kusema hapana, jina lake ni Tumaini. Badala yake niliinama nikakuweka sawa kitambaa kichwani, kama mtu ambaye hajasikia. Maji yakamwagwa. Wanawake waliokuwa nyuma yangu wakanong'onezana kwamba ni jina zuri, linafanana na Siwema. Walioelewa tulikuwa watatu, na wote watatu tulinyamaza.

Tangu siku hiyo sijakuita jina hilo. Nadhani ulishaligundua zamani, ingawa hujawahi kulitaja. Nimekuita mwanangu ukiwa mgonjwa, ukiwa mtundu, ukiwa mbali shambani na inabidi nipige kelele. Majirani wanadhani ni mapenzi. Kwa sehemu ni mapenzi, na kwa sehemu ni ubishi.

Ulipoanza shule ulirudi siku moja, mwalimu ameita majina na mtoto mmoja amekucheka. Uliweka begi chini ukaniuliza, "Mama, kama mimi si wake, ni wa nani?" Nilikwambia uchukue ndoo ukateke maji. Ulikwenda ukateka. Uliyamwaga nusu njiani na ukaogopa kwamba nitagomba kwa ajili ya maji. Nimefanya mengi mabaya, lakini lile la kukupa ndoo ndilo ninaloliona nikiwa peke yangu.

Ndipo nikaenda kwa Mwalimu Nyanzala. Wewe unamkumbuka kama bibi wa pipi, lakini alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na alipostaafu akafungua darasa la wanawake pale kanisani, mchana, baada ya kazi za shamba. Mwaka ule walikuwa wakisoma manabii wadogo. Niliingia mle kama mtu anayetaka kujua adui yake anakaa nyumba gani na mlango wake unafungwaje. Mwalimu Nyanzala aliniuliza nimekuja kutafuta nini. Nikasema neno la Mungu. Akanitazama juu ya miwani, akasema sawa, kaa pale.

Mwanangu, sikutegemea kuwapenda wale watu. Nilimpenda Amosi, mtu wa mifugo na mikuyu, aliyefukuzwa na kuhani kwenye hekalu la mfalme akaambiwa akale mkate wake kwao. Nahumu niliwasomea hata mbuzi wangu. Kile kitabu kizima ni furaha ya mtu anayeona mji uliomtesa ukianguka, na mimi nilikuwa na miji yangu miwili mitatu niliyotaka ianguke, wa kwanza ukiwa na kibanda cha nyanya. Kitabu cha Obadia ni kifupi, lakini kinauma: kinamlaumu ndugu aliyesimama kando siku ya msiba akitazama. Niliposoma hapo nikaona ubatizo wako, benchi kwa benchi. Na Malaki anamgombeza mwanamume aliyemfanyia hila mke wa ujana wake. Hapo nilimwomba Mwalimu Nyanzala asome tena, akasoma, nikamwomba tena, akasema inatosha, wenzako wana vyombo vya kuosha.

Hosea alimwacha mwisho. Baadaye niligundua alifanya hivyo kwa sababu yangu. Tulipofika, nikasoma zile aya nilizokwisha kuzijua kwa masikio, mwanamke, watoto, majina. Nikaendelea. Na mistari michache tu mbele, kabla hata hujageuza ukurasa, maneno yanageuka. Walioambiwa si wangu wanaambiwa ni wangu. Asiyehurumiwa anahurumiwa. Kisha mbele kidogo yanarudiwa tena, ili asiyesikia asikie. Nilikaa na kitabu mapajani. Kwa miaka yote ile baba yako alikuwa akiishia palepale kabla hayajageuka, anafunga kitabu, anasema tuombe.

Mwalimu Nyanzala alijua ninachofikiria. Aliniambia tukiwa tunafunga madirisha, "Mimi nimekisoma tangu ujana na bado hakijaniishia. Ila nimeona kila anayekipenda haraka, ana mtu anayetaka kumpiga nacho." Nilidhani anamsema baba yako. Sasa najua alikuwa anatusema sote wawili.

Habari ya Tura unaijua, kwa kuwa ulikuwapo, lakini ulikuwa darasa la tatu na sijui umebakiza nini. Kulikuwa na semina ya kanisa, siku nzima ya mafundisho, na baba yako ndiye aliyefundisha. Nilikuvalisha gauni la Krismasi, tukapanda treni, tukashuka tukafuata ile njia yenye miembe mikongwe ambayo watu wa kule husema ilipandwa na wapagazi wa misafara. Tulikaa nyuma. Alipofika kwa Hosea akaishia mahali pake pa siku zote. Nikasimama.

"Mwinjilisti," nikasema, "usiishie hapo. Soma na yanayofuata."

Watu wakageuka kutazama. Wengi hawakunijua. Alinitambua, akafungua kitabu, akasoma. Alisoma vizuri, kwa sauti ile ya mtu aliyezoea, mpaka mwisho wa maneno yanayogeuka. Kisha akaondoa miwani akasema, bila ukali, "Hapa anayesema ni Mungu. Mimi sijaambiwa."

Nikamuuliza, "Na lile la kwanza uliambiwa?"

Alimwomba mzee mmoja atuongoze kwa sala. Usidhani nilishinda. Watu walinung'unika, na walikuwa wananinung'unikia mimi. Mama mmoja mwenye adabu alinishika mkono ili anitoe nje. Nilipofika mlangoni nikaona nimetoka Itetemia bure, ndipo nikakushika mabega, nikakugeuza uwaelekee, nikakuvuta kitambaa kichwani. "Mtazameni," nikasema. "Haya masikio ni ya nani?" Kwa maana una masikio yake, yale yenye ncha iliyojikunja, kila mtu mle ndani aliyaona. Baba yako alitazama dirishani. Wewe ulitazama sakafu, na mkojo ukakushuka mpaka kwenye soksi.

Nilikununulia muwa pale stesheni, ukaushika mpaka Tabora bila kuumenya. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba sikuona. Kwa kweli niliona. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba sikujali, nikisema moyoni kwamba utakuja kuelewa ukikua.

Baada ya hapo hakurudi nyumbani tena. Hakuoa mke mwingine, na hilo nalo linaniudhi, kwa sababu linampa sura ya mtu mwema. Ulipokaribia mtihani wa kidato cha nne nilitaka tule kiapo tubadilishe jina, nikatafuta mwanasheria, karatasi zikawa tayari, ukakataa kusaini. Hukunieleza sababu. Nilikununia mwezi mzima, nawe ukaninunia, tukawa tunapishana humu ndani kama wapangaji.

Sasa lile neno la juzi. Nilikwambia kwamba baba yako alikitumia kitabu cha Mungu kumpiga mtoto mchanga. Ukaweka chini nguo uliyokuwa unakunja. Ukasema, "Baba alinipa jina, na wewe ukanisimamisha mbele za watu. Nyote wawili mlinifanya mahubiri."

Nilikujibu vibaya. Nilisema nenda basi kwa huyo baba yako, nenda mkasome pamoja. Tangu hapo natafuta jibu zuri zaidi, natafuta nikipepeta, natafuta nikipika, sijalipata. Lakini usifurahi mapema. Sikubali kwamba mimi na yeye tulifanya jambo moja. Yeye alikukana, mimi nilikudai. Ni kweli nilikudai kwa sauti kubwa, mahali pabaya, na nilikushika kwa nguvu, na pengine kwa mtoto aliyesimama pale na soksi zake hakukuwa na tofauti. Hilo nakupa. Zaidi ya hapo sikupi.

Na kwa kuwa umekwisha kuamua, nami siwezi kukuzuia, acha nikwambie nilichokiona katika kitabu hicho, ili usiende kukisoma kama mgeni. Wakiwafundisha Hosea, watawaambia habari za upendo wa Mungu usiochoka. Watasema kwa sauti tamu. Ni kweli upo. Lakini wewe mtafute yule mwanamke, Gomeri. Mtafute tangu mwanzo mpaka mwisho. Ana jina, ana baba, ana mimba, ana kosa, lakini kinywa hana. Hata yale machache aliyowekewa ulimini ni ya kunukuliwa na anayemshitaki. Hakuna aliyemuuliza ilikuwaje. Na wale watoto, baada ya majina yao kugeuzwa, hakuna anayesema walikwenda wapi, walioa nani, waliwaamkia vipi wazazi wao asubuhi. Mimi sijui kama nampenda Mungu wa kitabu kile. Namwogopa, namheshimu, kuna siku nabishana naye. Kama huko chuoni watakwambia hilo ni dhambi, waambie wasome Habakuki, wamwone anavyolalamika bila kuomba radhi kwanza.

Nabii wangu mimi ni Yona. Najua nabii wako ni mwingine, na najua watu humcheka Yona. Lakini ona anavyoachwa: amekaa juani nje ya mji, amekasirika, mti uliomtilia kivuli umekauka, na anaulizwa swali. Kitabu kinaishia kwenye lile swali. Hatuambiwi alijibu nini. Mimi nimekaa hapo miaka mingi, mwanangu, na sioni haya.

Sasa nafika mahali ambapo mkono wangu ni mzito. Watu wa Tura niliwaonyesha masikio yako, lakini wewe mwenyewe sijawahi kukukalisha nikakwambia. Mchungaji hakuniuliza. Wazee wa kanisa hawakuniuliza. Mwalimu Nyanzala, Mungu amrehemu, alikuwa na heshima mno ya kuuliza. Baba yako hakuniuliza. Na wewe, ulipouliza, nilikupa ndoo, nawe hukurudia tena. Nilikuwa na kiburi. Niliona kumjibu mtu ambaye hajauliza ni kujitetea, na mimi sikuwa na kosa la kujitetea. Kwa hiyo nimekaa na jibu langu mpaka limekuwa gumu kama ugali wa juzi.

Wewe ni mtoto wa Mihayo. Sikuwa na mwanamume mwingine, si kabla ya mvua zile, si wakati wa mvua zile, si baadaye. Ndiyo hivyo. Ni jambo dogo sana likishaandikwa.

Pengine unajiuliza kwa nini leo. Ulipotoka tu kwenda Ntalikwa, simu yangu iliita, namba nisiyoijua. Alikuwa baba yako. Sauti imezeeka, kila maneno machache anakohoa. Amesikia unapita kesho. Amesema miguu haimchukui vizuri, lakini atamwomba mtu amfikishe stesheni. Nikamwacha aseme. Akamaliza, nikadhani simu imekatika.

Kisha akasema, "Nyamizi, kuna kitu sikukuuliza. Yule mtoto ni wangu?"

Mwanangu, nilikuwa na majibu. Nilikuwa nayo marefu, yenye Malaki ndani yake, yenye Obadia, niliyoyatunga nikipalilia karanga, mengine ya kumliza na mengine ya kumuua. Hata moja halikuja. Nilikata simu. Ikaita tena, nikaizima, nikaenda ndani kutafuta karatasi.

Kwa hiyo jibu nimelitoa leo, lakini nimekupa wewe. Yeye sikumpa, na sitampa. Kesho sitakuja stesheni kukusindikiza, usiningoje. Tutaagana hapa mlangoni, na kama tutakuwa bado hatusemezani, basi tutaagana hivyohivyo. Treni husimama Tura. Atakuwa pale, na atakuangalia wewe, kwa kuwa kwangu amekwisha kushindwa. Ukishuka kumwambia, sawa. Ukikaa dirishani ukamtazama mpaka treni ikaondoka, akabaki na swali lake kama sisi tulivyobaki na jina, hilo nalo sawa, sitakuuliza kamwe.

Ila kama utamwambia, usimfungulie kitabu. Usimtajie nabii yeyote. Mwambie mama amesema.

Ni mimi,
Nyamizi, mama yako